Jina la Kukhu kwenye daftari la duka

Duka liko njia panda, kwenye barabara ya vumbi itokayo Butere kuelekea mpaka wa Siaya. Lina dirisha la wavu, kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya wateja, mizani yenye sahani moja iliyopinda, na daftari la kurasa 200 linalofungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Daftari hilo ndilo linaloendesha kijiji. Sukari robo, kipande cha sabuni, mafuta ya kupima ya shilingi 20, kiberiti: vyote huandikwa humo kwa biro ya buluu, na siku mtu akilipa hukatwa kwa nyekundu.

Mwanzoni mwa 2024 jina la Kukhu halikuwamo. Nilidhani ni sifa, kwamba mama yule ana adabu ya pesa na hapendi madeni. Mwenye duka alicheka nilipomwambia hivyo. "Huyo simwandiki," akasema. "Nikimwandika nitamdai nini? Nimchukulie jembe?"

Kufikia Julai mwaka huo huo jina lake lilikuwa limeandikwa mara 9 na kukatwa mara 7. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa ya kisa hiki, kuliko maziwa, kuliko mbuzi, kuliko dawa, ambazo nitazieleza. Pesa ndogo inayotarajiwa, ile ambayo serikali huwapa wazee kupitia mpango wa Inua Jamii, ilimfanya mwanamke wa miaka zaidi ya 70 akopesheke.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nyumba kama 100 ziko mikononi mwangu, na tangu tulipopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023 napima presha na sukari mlangoni mwa mtu badala ya kumsihi aende zahanati. Posho yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, kwa hiyo maana ya kungoja simu ilie najua. Nyumba ya Kukhu nimeingia kila mwezi tangu Oktoba 2023, na kwa ruhusa yake nikawa naandika pembeni ya fomu zangu mambo ambayo fomu haiulizi. Jina lake nimeliacha nje. Kukhu ni nyanya kwa Kiluhya, na hivyo ndivyo kijiji kizima kinavyomwita.

Anaishi na wajukuu wawili, mvulana wa miaka 16 na msichana wa darasa la nne. Mume alifariki zamani. Ardhi iligawanywa kwa wana watatu na yeye akabaki na kipande kisichofika nusu eka, kilichokuwa cha miwa enzi za kiwanda cha sukari cha Mumias. Miwa humlipa mkulima mara moja baada ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, na pesa hiyo ikija huja kwa mkupuo: wanaume huihisi harufu yake kabla haijafika. Kukhu anasema katika miaka yote ya miwa hakuwahi kuishika ikiwa nzima. Kiwanda kilipowekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa mali za kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, mwaka 2019 aling'oa visiki na kupanda mahindi na maharagwe.

Siku yake kabla ya pesa ilikuwa hivi. Saa kumi na moja alfajiri anawasha moto, anachemsha turungi, chai isiyo na maziwa, na sukari ikiwapo. Mtoto anakunywa na kiporo cha ugali, anaenda shule. Kukhu anafunga leso kiunoni na kwenda kupalilia kwa watu, asubuhi tatu kwa wiki, shilingi 150 kwa asubuhi. Magoti yake yote mawili yamevimba. Alikuwa akipalilia akiwa amekaa chini, anajisogeza kwa makalio kutoka shina moja hadi lingine, na kwa sababu hiyo baadhi ya wenye mashamba walikuwa wakimpa 100.

Hapo pana jambo ambalo nilichelewa kulielewa. Palizi haingoji. Wiki ambazo watu wanatafuta vibarua ni wiki zilezile ambazo shamba lake mwenyewe linalia. Njaa ya leo ilimpeleka shamba la jirani, na lake likapaliliwa la mwisho, magugu yakiwa yamefika magotini. Mavuno yakawa haba, na kwa kuwa ni haba, msimu uliofuata akaenda tena kibarua mapema zaidi. Miaka kadhaa alizunguka humo kama ng'ombe wa kinu.

Mpango wenyewe wengi wanaujua. Inua Jamii humpa mzee shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi hutolewa kwa pamoja kila miezi miwili. Ulianza kwa majaribio katika wilaya chache miaka ya 2006 na 2007, ukiwalenga wazee wa miaka 65 walio maskini kabisa, kisha mwaka 2018 mlango ukafunguliwa kwa kila aliyefika miaka 70 na hana pensheni. Jumla ya wanaopokea, pamoja na nyumba zenye yatima na watu wenye ulemavu mkubwa, imepita milioni moja. Nyuma yake kuna Katiba ya 2010, kifungu cha 57, kinacholitaka taifa lihakikishe mzee anaishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Nakitaja kwa sababu vijijini bado wapo wanaoziita "pesa za rais", bila kujali ni rais yupi.

Kukhu alipaswa kuingia mwaka 2018. Alijipanga kwenye foleni kwa naibu wa chifu, akatoa kitambulisho, akaambiwa arudi baada ya miaka mitano. Kitambulisho kinasema alizaliwa 1953. Mwaka huo ulitiwa na karani aliyemtazama usoni na kukadiria, kama ilivyofanywa kwa akina mama wengi wa rika lake ambao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Yeye hana mwaka, ana matukio. Mvua kubwa za 1961, zile zilizofurika hadi watu wakahama kando ya mito, zilimkuta ameshaanza kuchumbiwa. Mtoto wa miaka minane hachumbiwi. Ukikokotoa kwa ukarimu wowote, mwaka 2018 alikuwa ameshapita 70.

Miaka mitano mara 24,000 kwa mwaka ni 120,000. Hizo ndizo kalamu ya karani ilizomgharimu. Kubadilisha tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho kunahitaji ushahidi wa maandishi, na ushahidi wake wote ni mvua. Basi akangoja karatasi imfikie umri. Orodha mpya ilipoandikwa mwaka 2023, karatasi ilikuwa imefika 70. Mjukuu wa kiume alimpeleka kusajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe, na akanunuliwa simu ndogo ya mulika mwizi ya mtumba.

Ujumbe wa kwanza uliingia Mei 2024 jioni, na yeye hajui kusoma. Msichana wa darasa la nne ndiye aliyesoma: shilingi 4,000, za miezi miwili. Akaulizwa asome tena. Akasoma tena. Usiku huo simu ililala chini ya mto.

Kesho yake nilikutana naye sokoni kwa bahati. Alikuwa mbele ya kibanda cha wakala wa M-Pesa, na wakala alikuwa anamhesabia noti nne za elfu moja. Alizikataa. "Nivunjie zote mia mia." Wakala akalalamika kwamba atamaliza chenji yake yote asubuhi hiyo, Kukhu akamwambia yeye hana haraka. Noti 40 zilipopatikana alienda kukaa kwenye mzizi wa mwembe nyuma ya soko la mboga, akanyoosha miguu, akatandika leso mapajani. Nilimsaidia kuhesabu tu, kugawa aligawa mwenyewe. Noti 19 za chakula akazifunga fundo kwenye ncha ya kwanza. Sita za dawa, ncha ya pili. Tano za shule, ncha ya tatu. Tatu za msiba, ncha ya nne.

"Nani amefariki, Kukhu?"

"Bado," akasema. "Lakini hawezi kukosa."

Ncha za leso ziliisha, noti 7 zikabaki mkononi. Nne kati yake alizipeleka jioni hiyo kwa jirani aliyemwazima mahindi miaka miwili nyuma. Jirani alisema alikuwa ameshasahau. Kukhu akajibu, "Mimi sikusahau." Mia ilikwenda kwa bodaboda, hamsini ikawekwa kwa ajili ya sadaka ya Jumapili, na 150 iliyosalia ikawa omena, mkate na nusu lita ya maziwa. Nilikaribishwa chai. Mtoto alikunywa vikombe vitatu.

Shilingi 2,000 kwa mwezi ni kama 66 kwa siku. Nusu lita ya maziwa inakula nusu ya hizo. Mtu wa mjini akisikia hesabu hiyo hucheka, na ana haki ya kucheka: kiwango hicho hakijapanda tangu miaka ya mwanzo ya 2010, na kila aliyenunua gorogoro ya mahindi, ule mkebe wa kupimia nafaka, wakati ule na leo anajua shilingi imeyeyuka kiasi gani. Siandiki hapa kumpongeza mtu kwa ukubwa wa pesa. Kilichonishangaza ni jinsi pesa ndogo hivyo ilivyofanya kazi pale ilipokuja kwa mfululizo.

Baada ya malipo ya kwanza mwenye duka alifungua ukurasa wa Kukhu. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alikuwa na wazee wengine watano kwenye orodha, na alijua wazi kwamba pesa zao huingia karibu siku moja. Kwake mzee wa Inua Jamii akawa mteja mwema kuliko kijana wa bodaboda, maana kijana anaweza kuhamia Nairobi na ukurasa wake. Kuanzia hapo Kukhu hakulazimika kuwa na noti mkononi ili mtoto ale. Siku fundo la chakula likiisha tarehe 20, anatuma mtoto na maneno: "Mwambie aandike." Zamani tarehe 20 ndiyo ingemtoa nyumbani na jembe.

Ndiyo maana Septemba, mvua fupi zilipoanza, alipanda mapema na akapalilia lake kwanza. Magoti hayakupona, bado alijikokota. Lakini alijikokota kwenye shamba lake, kwa mwendo wake, akipumzika jua likipanda. Mavuno ya maharagwe msimu wa fupi uliotangulia yalikuwa gorogoro 6. Mara hii zilikuwa 14.

Haki inanitaka niseme kwamba palizi ile haikuwa yake peke yake, na hapo ndipo kisa kinapochafuka kidogo.

Namba ya siri ya simu ilikuwa 1953. Msajili alimwambia achague namba ambayo hataisahau, naye akachagua ile iliyokuwa imemnyima pesa miaka mitano, labda kwa hasira. Mvulana alikuwapo. Mwanzoni mwa Oktoba Kukhu alikwenda kwa wakala akakuta zimepungua 500. Wakala akamsomea: zimetumwa usiku, saa nne, kwenye mchezo wa kubeti mpira. Alirudi nyumbani akanyamaza siku nzima. Mimi ningepiga kelele hadi kwa naibu wa chifu. Yeye alimwamsha kijana alfajiri ya kesho yake, akamkabidhi jembe, akamwambia bei ya palizi kijijini ni 150 kwa asubuhi. Kijana alipalilia asubuhi nne. Asubuhi ya nne Kukhu alifungua fundo akamrudishia 100, kwa kuwa 600 kutoa 500 ni 100. Baba yake kijana hajui habari hii hadi leo. Namba ya siri ilibadilishwa, na mara hii msajili alikuwa msichana.

Huyo baba ndiye sehemu ya kisa ambayo sijaridhika nayo. Anafanya kazi za ujenzi Nairobi. Kabla ya Mei alikuwa akituma 500 au 1,000, si kila mwezi, ila miezi mingi. Baada ya Agosti hakutuma tena. Nilimsikia mwenyewe kwenye simu, sauti imewekwa juu kwa kuwa Kukhu hasikii vizuri: "Lakini mama, si siku hizi unalipwa na serikali?" Ana watoto wake wawili wa shule na kodi ya nyumba, na sijui mjengo ulimlipa siku ngapi mwaka huo. Sitamwita mwana mbaya. Hata hivyo hesabu ni hesabu. Ikiwa alikuwa akituma kwa wastani kama 600 kwa mwezi, basi faida ya Kukhu ni 1,400, na zile 600 zimekwenda Nairobi kumsaidia mwanawe. Serikali imewalipa wawili kwa jina la mmoja. Vijijini hili linatokea zaidi ya tunavyokiri, na kwenye ripoti haliandikwi, kwa sababu anayehojiwa ni mama, na mama hatamchongea mwanawe.

Nilimwuliza kama haimuumi. Alijibu kwa namna iliyonifunga mdomo. "Pesa ya mtoto huja na maneno. Ananiambia imetoka wapi, imemgharimu nini, na nani analala njaa kwa ajili yake. Hii haina maneno." Akanyamaza, halafu akaongeza: "Zamani nikimpigia hashiki. Alijua nataka. Siku hizi anashika." Na kweli, nilipotazama kumbukumbu zangu, simu za Jumapili zilianza mwezi uleule pesa zilipokoma kutumwa. Sasa nikitakiwa niseme kama hilo ni hasara au faida, nitasema ni 600 na simu nne, na yeye amechagua simu.

Upande wa afya nitaupita haraka, ingawa ndio kazi yangu. Oktoba 2023 presha yake ilikuwa 184 kwa 106. Alikuwa na dawa, lakini anameza siku moja na kuacha moja. "Nazipa mapumziko," aliniambia, na nikamhubiria kama tulivyofunzwa, nisijue kwamba kidonge ni shilingi 10 kwenye duka la dawa siku ambazo zahanati imeishiwa, na kwamba tembe ile hamezi na tumbo tupu kwa sababu inamtia kizunguzungu. Fundo la ncha ya pili lilimaliza mjadala. Novemba 2024 ilisoma 146 kwa 88. Haijawa nzuri bado, ila usiku nalala.

Chama kilizaliwa kwenye foleni. Wamama 15 waliokuwa wakikutana kwa wakala kila malipo walikubaliana kutoa 200 kila mmoja pesa zikiingia, na zote, shilingi 3,000, zimwendee mmoja. Kukhu alikuwa wa tatu. Zamu yake ilipofika Oktoba alinunua mbuzi jike mchanga, mweusi, mwenye sikio moja jeupe. Ukivuka tu upande wa Siaya, kuna vijiji ambako shirika la GiveDirectly limekuwa likiwapa watu wazima kama shilingi 2,250 kila mwezi kwa ahadi ya miaka 12, na wachumi wanaofuatilia wameona jambo lilelile: mtu akihakikishiwa pesa kidogo kwa muda mrefu, anatafuta wenzake wazigeuze kuwa pesa ya mkupuo kwa njia ya chama. Waliopewa kiasi hichohicho kwa ahadi ya miaka miwili tu hawakuanzisha biashara kwa wingi kama wenzao. Uhakika wa kesho ndio uliowatofautisha. Wamama wa foleni hawakuhitaji utafiti kulijua hilo, lakini nimefurahi kwamba kuna mtu amelipima.

Kisha pesa zikachelewa.

Desemba zilingojwa kwa ajili ya sikukuu, hazikuingia. Wazee walianza kwenda kwa wakala kila Jumatatu na Ijumaa, wengine kwa miguu kilomita nne, kuuliza kama simu zao zimeharibika. Bodaboda ni 50 kwenda na 50 kurudi, na baadhi yao walitumia mamia kuuliza habari za pesa ambazo hazikuwapo. Januari ikapita. Nilitazama kilichokuwa kikitokea kwenye daftari la duka, kwa maana nilijua huko ndiko kutakakoonyesha mambo kwanza. Ukurasa wa Kukhu ulifika 1,150. Wazee wote sita kwa pamoja walifika karibu 7,000. Kwa supamaketi mjini hizo si kitu. Kwa duka lile ni katoni za sabuni, bale za unga na sukari ya wiki mbili. Rafu zikaanza kuonyesha mbao zake. Mwenye duka naye anachukua mali kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla Butere, na muuzaji yule hajali Inua Jamii.

Tarehe 14 Januari mwenye duka alimwambia msichana, "Mwambie Kukhu daftari limejaa." Mtoto alirudi na chupa tupu ya mafuta.

Nilifika siku mbili baadaye. Turungi ilikuwa imerudi. Kukhu aliniambia dawa zinapumzika, akanicheka kabla sijasema lolote. Presha: 168 kwa 98. Chama kilikuwa kimesimama, na mama aliyekuwa akingojea zamu yake ya Desemba kwa ajili ya mabati alikuwa hasemezani na mweka hazina, kana kwamba yeye ndiye aliyezificha. Mbuzi alikuwa amefungwa karibu zaidi na mlango. Nilielewa maana yake: alikuwa amekwisha kutazamwa kwa jicho la kuuzwa.

Hakuuzwa, maana maharagwe yalikuwapo. Zile gorogoro 14 zilizovunwa mwanzoni mwa Januari, aliuza 5 kwa 250 kila moja, akapata 1,250. Akampelekea mwenye duka 600 bila kudaiwa. Nilidhani atanunulia maziwa kwanza, nikamwuliza. "Maziwa yataisha," akasema. "Ukurasa ukifungwa haufunguki kirahisi." Huyu ni mtu asiyejua kusoma ambaye anaelewa thamani ya kukopesheka kuliko wengi wetu wenye simu zilizojaa mikopo. Ile nusu ya deni la daftari aliyoilipa mapema ndiyo iliyomfanya mwenye duka amwandikie tena, yeye na mwingine mmoja tu kati ya wale sita.

Nina maoni yangu juu ya kinachopaswa kufanywa, na hayana ugumu. Ningepewa nichague kati ya kuongeza pesa hizo zifike 3,000 bila tarehe, na kuziacha 2,000 ziingie tarehe 5 ya kila mwezi bila kukosa, ningechagua tarehe. Najua wapo watakaosema nachagua kwa niaba ya mwenye njaa nikiwa nimeshiba. Ila nimeona 4,000 zikija bila kutarajiwa na nimeona 2,000 zikingojwa kwa uhakika, na ile ya pili ndiyo iliyopalilia shamba. Pesa isiyo na tarehe inarudi kuwa kama ile ya miwa: ikija ni sherehe, isipokuja ni jembe la watu. La pili ni vitambulisho. Kila kijiji ninachopitia kina wazee wawili watatu walio na umri wa karani, na hakuna anayewatafuta, kwa maana kwenye mfumo ni vijana wa miaka 66.

Pesa ziliingia Februari katikati, za miezi yote kwa mpigo. Safari hii Kukhu hakwenda chini ya mwembe. Alikwenda moja kwa moja dukani, akaegemeza kiwiko kwenye kaunta, akamtaka mwenye duka afungue daftari na akate mbele ya macho yake, mstari kwa mstari, huku msichana akisoma. Sukari robo, kata. Sabuni, kata. Mafuta 20, kata. Palikuwa na kiberiti kilichoandikwa mara mbili siku moja, mtoto akakigundua, mwenye duka akaomba radhi na kukifuta. Biro nyekundu ilikauka katikati, ikabidi waazime ya fundi viatu wa jirani.

Wiki iliyofuata nilimkuta uani anamchambulia mbuzi majani ya viazi. Jirani yake, yule wa mahindi, alikuwa ndiyo kwanza anatoka. Huyo kitambulisho chake kinasema ana miaka 68. Kwa matukio, wamechumbiwa mwaka mmoja. Msichana alikuwa ameketi kizingitini na daftari dogo la mazoezi la shule, ukurasa wa mwisho, na chini ya kichwa alichokipigia mstari kwa rula alikuwa ameandika: Nyanya wa upande wa pili, 200, mpaka maharagwe.

"Umeandika tarehe?" Kukhu akauliza.

Mtoto akasema ameandika.

"Soma tena."